LUBUMBASHI: Kiingereza hakijifunzwi kwa kalamu peke yake

Huko Lubumbashi, mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kupata alama nzuri katika mtihani wa Kiingereza, lakini akifika Kasumbalesa, mpakani na Zambia, dereva wa lori akimuuliza njia anabaki kimya. Masomo mengine yote ni kwa Kifaransa, darasa limejaa, na anayekosea anachekwa. Dawa si kuongeza sarufi ubaoni. Mwalimu awapange wawili wawili, awasikilizishe habari fupi kwenye simu, kisha kila mmoja amweleze mwenzake alichosikia. Makosa yasahihishwe mwishoni. Tangu 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Kiingereza ni lugha rasmi. Anayeogopa kuchekwa leo darasani, kesho kazi itachukuliwa na mwingine.