Laptopu kuukuu na picha 3 za bibi (Sehemu ya 9)

Najua niliahidi leo tuongee homa za watoto. Naomba mnivumilie, hiyo inakuja kesho kutwa. Leo nina jambo la nyumbani kwangu, na naona linamhusu kila mama anayetunza picha za wanawe.

Nina laptopu ndogo, zile walizokuwa wanaziita netibuku. Zilivuma sana kuanzia mwaka 2007, Asus walipotoa Eee PC. Yangu ni ya kampuni nyingine, niliinunua mtumba nikiwa chuo cha uuguzi, nikasomea diploma nayo. Baadaye shemeji yangu akaitoa ile diski ya kuzunguka akaweka SSD, ikawa nyepesi kama mpya. Humo ndani kuna picha za mwanangu wa kwanza tangu siku aliyozaliwa. Kuna na picha 3 za marehemu mama yangu akiwa amempakata. Mama hakupenda kupigwa picha. Alizopiga na mjukuu wake ni hizo 3 tu.

Mwaka huu ikaanza uzito. Cha ajabu, picha za juzi zinafunguka vizuri, za miaka ya nyuma zinasuasua. Folda ya mama naifungua, naenda kukaanga kitunguu, narudi, bado inazunguka. Baba watoto akasema, "Mama, hiyo imechoka, tuachane nayo." Nikanyamaza.

Sasa nisikilizeni, nieleze kama nilivyoelewa. SSD haina kitu kinachozunguka. Inatunza kumbukumbu kwa chaji ndogo ndogo za umeme, na chaji hizo hupungua taratibu kadiri siku zinavyokwenda. Joto nalo linaziharakisha, na joto la bonde letu la Kilombero mnalijua. Fikiria kadi ya kliniki ya mtoto iliyofifia wino. Bado inasomeka, ila nesi anaigeuza kwenye mwanga mara 2, mara 3, ndipo apate uzito wa mwezi ule. Diski nayo ikikuta chaji hafifu inasoma na kurudia. Wewe unaona laptopu nzito.

Anayeamua isome vipi ni programu ndogo iliyomo ndani ya diski yenyewe. Wenyewe wanaiita famuwea. Siyo Windows, wala siyo kitu unachokiona kwenye kioo. Ikiwa na kasoro, kiwanda hutoa toleo jipya. Limewahi kutokea hata kwa wakubwa: mwaka 2014 Samsung walitoa marekebisho ya diski zao za 840 EVO kwa sababu data za zamani zilikuwa zinasomeka polepole, na mwaka 2015 wakatoa tena mengine. Crucial nao, Januari 2012, walirekebisha diski za m4 zilizokuwa zinagoma zikishafikisha saa 5,184 za kuwashwa. Piga hesabu, ni siku 216.

Niliposoma hayo nikasema, basi dawa nimeipata. Nikaangalia, na diski yangu nayo ina toleo jipya. Usiku huo nipo Mofu, nimetoka zamu, mvua inanyesha. Nikashusha programu kwa bando la simu, kidole kikawa kwenye kitufe. Betri ya laptopu ilishakufa zamani, inaishi kwa waya wa ukutani tu. Nakala ya picha sina hata moja.

Umeme ukakatika. Pap! Giza.

Nilikaa pale na kijasho. Kusasisha famuwea ni kufuta akili ya diski na kuiandika upya. Umeme ukiondoka katikati, diski inaweza isiamke tena, na kila kilichomo kinakwenda nayo. Ningebonyeza dakika moja kabla, leo nisingekuwa na sura ya mama yangu na mwanangu pamoja.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Kazini siwezi kumpa mtoto dawa kabla sijahakikisha jina lake, uzito wake, dawa yenyewe na kiasi chake. Nyumbani nilitaka kumdunga mgonjwa wangu kwa haraka, gizani, kwa kuwa ni kitu changu mwenyewe.

Wiki iliyofuata nikaibeba hadi Ifakara kwa fundi mmoja mtulivu. Kwanza tukanakili picha zote kwenye diski ya nje, na zile 3 nikazitia pia kwenye flashi. Tukafungua nakala, tukahakikisha zinaonekana. Pili, akasoma jina kamili la diski, namba ya modeli na toleo la famuwea lililopo, akalinganisha na tovuti ya kiwanda herufi kwa herufi. Tatu, akaichomeka kwenye UPS, ili umeme ukikatika kazi isikatike. Laptopu hizi hazina sehemu ya CD, kwa hiyo aliiwasha kwa flashi. Ikachukua dakika chache tu. Akazima, akawasha. Mwisho akaziandika upya zile picha za zamani kutoka kwenye nakala, kama nesi anavyohamishia kadi iliyofifia kwenye kadi mpya.

Imekuwaje? Sitawadanganya. Kuwaka bado inajivuta kidogo, maana kichwa chake ni kilekile cha netibuku. Lakini folda ya mama inafunguka papo hapo. Mwanangu akauliza, "Huyu ndiye bibi?" Nikamwambia ndiye.

Kwa hiyo mama mwenzangu, laptopu yako ikiwa nzito, angalia kwanza kama imejaa, maana diski iliyojaa nayo huchoka. Kama ni SSD na kiwanda kimetoa toleo jipya, pakua kwenye tovuti yao wenyewe, usichukue linki za kwenye magrupu. Na usiguse chochote kabla hujanakili.

Tena usingoje uzito. Leo watoto wakilala, chagua picha 10 ambazo zikipotea utalia. Ziweke sehemu 2, moja isiwe kwenye simu yako. Ukimaliza niandikie hapa chini "nimenakili", nitafurahi.

Kesho kutwa ni homa za watoto. Andaeni maswali. Usiku mwema.