Kitufe Kisicho na Jina

Ndugu msomaji, ukimwona mzee aliyepita miaka sabini ameinamia kibodi ya kompyuta saa tano za usiku, miwani imemteremkia puani na daftari liko pajani, unaweza kudhani kwamba ameingiwa na utoto wa pili. Watu wa nyumbani kwangu walidhani hivyo, nami sikuwalaumu. Mimi ni mwalimu wa chaki na ubao. Nilitoka chuo cha ualimu mwaka 1972, nikafundisha, nikawa mwalimu mkuu, nikastaafu mwaka 2010. Kompyuta nilikuja kuijua uzeeni. Lakini usiku ule nilikuwa na deni la kulipa, na deni lenyewe halikuwa la fedha.

Mke wangu, ambaye naye alikuwa mwalimu, alipatwa na ugonjwa wa presha ya macho. Ugonjwa huu ni mwizi mpole. Huanza kuiba pembeni mwa macho, na mtu hagundui mpaka umekwisha kuchukua sehemu kubwa. Na nuru iliyokwisha kupotea hairudishwi na dawa wala upasuaji. Kufikia mwaka 2019 alikuwa akitofautisha mchana na usiku tu. Yeye aliyekuwa hamalizi siku bila kusoma, sasa alibaki na masikio yake.

Tulikuwa na sanduku la kaseti za zamani. Mlikuwamo nyimbo za kwaya, sherehe za shule, na kaseti tatu za marehemu mama yake akisimulia habari za ukoo na hadithi za utotoni. Mjukuu wetu alizihamishia zote kwenye kompyuta ya mezani tuliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Kwa kuwa mashine ilikuwa kuukuu, aliiwekea mfumo wa Linux, ule ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Ufini. Mfumo huo haununuliwi, na yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Mke wangu akafurahi. Akawa anakaa mbele ya kompyuta kila jioni, amefumba macho, anamsikiliza mama yake.

Ila kulikuwa na taabu moja. Kompyuta huongozwa kwa mshale unaotembea juu ya kioo, na mtu asiyeona mshale atauongozaje? Kwa hiyo kila mara aliniita. “Mwalimu, nisimamishie hapo.” “Mwalimu, rudisha kidogo, sikulipata lile neno.” “Mwalimu, ongeza sauti.” Nilikuwa nikiinuka mara kumi kwa jioni moja, na magoti yangu si yale ya mwaka 1972. Siku moja nilimjibu vibaya. Nilimwambia, “Kwani huwezi kusikiliza mpaka mwisho kama watu wengine?”

Hakunijibu. Na tangu siku ile hakuniita tena. Mgeni akibisha hodi, simu ikilia, sauti ya mama yake iliendelea kuzungumza peke yake mle chumbani, naye akaikosa sehemu ile bila kulalamika. Nyumba ikawa tulivu, nami, mjinga wa uzeeni, kwa siku kadhaa nikaufurahia utulivu ule. Ilinichukua zaidi ya wiki moja kutambua kwamba nilikuwa nimemnyamazisha.

Sasa nirudi kwenye kibodi. Ilikuwa ya aina ya zamani, ile ambayo waya wake huchomekwa kwenye tundu la mviringo la rangi ya zambarau. Juu ya safu za herufi ilikuwa na vitufe vya ziada, kila kimoja na kijipicha chake: spika ya kuongeza sauti, spika ya kupunguza, alama ya kusimamisha na kuendeleza, mishale ya kurudisha nyuma. Nikawaza: mama huyu haoni, lakini vidole vyake vinaona. Vitufe hivi vikifanya kazi, hatakuwa na haja ya kumwomba mtu. Nikavibonyeza kimoja kimoja. Hakuna kilichotokea. Nikampelekea fundi mmoja mjini. Aliitazama kibodi kwa nusu dakika, akasema, “Mzee, vitufe hivi ni pambo tu. Kwenye Linux vimekufa.”

Nikampigia simu mjukuu wangu, anayesoma mbali. Akanisikiliza, kisha akasema, “Babu, kabla ya kusema kimekufa, tazama kwanza kama kimesema kitu.” Akanielekeza nifungue dirisha la amri, nibonyeze kile kitufe cha kusimamisha, kisha niandike neno *dmesg*. Neno hilo huonyesha shajara ya mfumo, mahali unapoandika kila linalotokea ndani yake. Nikatelemka mpaka mistari ya mwisho. Pale paliandikwa, kwa lugha ya kimashine, kwamba kitufe kisichojulikana kimebonyezwa, msimbo wake ni 0x95. Na kwamba ukitaka kijulikane, tumia amri ya *setkeycodes* pamoja na namba e015. Nikabonyeza tena. Mistari ile ikajirudia. Nikabonyeza mara ya tatu, ikajirudia tena.

Niliivua miwani nikakaa kimya. Kumbe kitufe kile hakikuwa kimekufa. Kila kilipobonyezwa kiliitika. Ila hapakuwa na jina lake katika orodha.

Hapo nilimkumbuka mtoto mmoja. Mwaka 1977 Tanzania ilipoanza kutekeleza mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, watoto walimiminika shuleni kama mvua ya masika. Mwaka uliofuata nilikuwa na darasa ambalo wanafunzi wake walikaa hata sakafuni. Chuoni tulifundishwa na wakufunzi wetu kwamba kuita mahudhurio ndilo somo la kwanza la siku, nami nilikuwa hodari wa jambo hilo. Kila asubuhi niliita majina, na kila asubuhi jina moja halikuitikiwa. Kwa wiki tatu nikamwandika mtoto huyo kuwa hayupo. Mwisho nikauliza darasa kwa ukali ni nani huyo mtoro. Wenzake wakamwonyesha kidole mtoto aliyekaa safu ya mbele, karibu kabisa na meza yangu. Nikamchapa fimbo nne kwa utoro na kiburi. Alipomaliza kulia alisema, “Mwalimu, mimi sijaitwa.”

Aliyemwandikisha alikuwa amempeleka kwa jina la ubatizo, ambalo halikuwa likitumika nyumbani kwao. Mtoto yule hakulijua. Siku zote alikuwa akinisubiri nimwite. Nilirekebisha daftari siku ile ile, lakini fimbo haifutiki kwa kalamu. Sikumwomba radhi, wakati ule mwalimu hakumwomba radhi mtoto. Laiti ningefanya hivyo.

Basi usiku ule nikarudia somo langu la mahudhurio, safari hii kwa mashine. Nitakueleza kwa kifupi, maana si jambo gumu kama mafundi wanavyolifanya lionekane. Kila kitufe kikibonyezwa hutoa namba, na kikiachiwa hutoa namba tena. Namba hufika kwanza kwenye keneli, ambayo ndiyo kiini cha mfumo. Keneli hutazama orodha yake na kuipa namba ile jina. Kisha jina hupelekwa kwenye programu zinazosimamia kioo, nazo hulipa kazi. Namba, jina, kazi: ni hatua tatu tu. Kitufe kinaweza kukwama katika yoyote kati ya hizo, na kwa mtu aliyekaa nje kitaonekana bubu vile vile.

Vitufe viwili vya sauti vilikwama katika hatua ya tatu. Nilivijaribu kwa programu ndogo iitwayo *xev*, ambayo hufungua kidirisha na kukuandikia jina la kila kitufe unachobonyeza. Navyo vilikuwa na majina kamili tangu zamani. Vilifanana na wanafunzi waliokwisha kuandikishwa lakini hawajapangiwa zamu. Nikaingia kwenye mipangilio ya kibodi, nikavipangia: hiki kipandishe sauti kwa asilimia 5, hiki kishushe kwa asilimia 5.

Kitufe cha kusimamisha na kile cha kurudisha nyuma ndivyo vilivyokosa jina. Katika orodha ya keneli, kusimamisha na kuendeleza ni namba 164, na kurudisha nyuma ni 168. Nikaandika amri ya *setkeycodes*, e015 iwe 164. Nikaandika nyingine, e016 iwe 168. Nikavipa kazi: cha kwanza kisimamishe na kuendeleza, cha pili kirudishe nyuma sekunde 10. Nikabonyeza. Kwaya ikanyamaza. Nikabonyeza tena, ikaendelea. Nilicheka peke yangu kama mtoto, na kabla sijamaliza kucheka, umeme ukakatika.

Uliporudi asubuhi, vitufe vyangu vilikuwa vimenisahau, au tuseme mfumo ulikuwa umevisahau. Amri ile hudumu mpaka mashine inapozimwa, kisha hupotea. Nilikuwa nimeandika majina ubaoni, na ubao umefutwa. Jina la kudumu huandikwa kwenye faili ndani ya folda ya */etc/udev/hwdb.d*. Mstari wa kwanza hueleza kibodi inayohusika, na mistari inayofuata husema: KEYBOARD_KEY_95=playpause, na KEYBOARD_KEY_96=rewind. Kisha hutolewa amri mbili, *systemd-hwdb update* na *udevadm trigger*, ili daftari jipya lisomwe. Nikafanya yote hayo. Vitufe vikabaki kimya.

Mjukuu wangu aliniuliza kwenye simu, “Babu, mistari ya chini umeianza kwa nafasi moja?” Sikuwa nimeianza kwa nafasi. Mimi niliyewakata wanafunzi alama kwa miaka 38 kwa kutoacha nafasi mwanzoni mwa aya! Nikaweka nafasi ile, nikarudia amri, nikazima mashine kwa makusudi, nikaiwasha. Kitufe kikaitika.

Jioni nilimwita mke wangu, nikamkalisha. Nilishika kidole chake nikakiweka juu ya kitufe cha kwanza. Nilikuwa nimekata vipande vya plasta ili nivibandike kuwa alama, lakini alinizuia. “Acha, Mwalimu. Navijua. Nimevipapasa siku nyingi, nikajua havifanyi kitu.” Maneno hayo yalinichoma. Hata yeye alikuwa amebonyeza, na hakuna aliyeitika.

Nikamwambia, “Naomba radhi kwa jibu langu la siku ile.”

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Nilidhani umesahau.” Halafu akabonyeza. Sauti ya mama yake ikasimama katikati ya neno. Akabonyeza tena, ikaendelea. Akarudisha nyuma, akasikiliza sentensi ile ile mara tatu. Ni mahali ambapo mama yake anamtaja yeye kwa jina la utotoni, jina ambalo sasa hakuna mtu mwingine aliye hai anayemwita kwalo.

Ndugu msomaji, sikuandika haya ili nikufundishe kompyuta; wajukuu wako watakufundisha vizuri zaidi. Nimeyaandika kwa sababu katika maisha yangu nimeona watu wengi wakiitwa bubu, wazembe, watoro na wasiojali, nami mwenyewe nimewaita wengine hivyo, tena kwa fimbo mkononi. Siku hizi, kabla ya kumhukumu mtu kwa ukimya wake, najiuliza kwanza kama jina lake limo katika daftari langu, na kama limo, je, nimelitamka?

Mke wangu haniiti tena kwa ajili ya kusimamisha wala kurudisha. Nakaa barazani na gazeti langu, magoti yamepumzika. Ila mara moja moja sauti ya kaseti hukatika ghafla mle ndani, kisha nasikia, “Mwalimu, njoo usikilize hapa.” Nami huinuka mara moja.