Nyoka wa Maziwa na Likizo ya Nyumbani

Mwanangu wa miaka saba alialikwa kwa rafiki yake hapa Erdington kumshika nyoka. Mama mwenye nyumba alinitumia picha: nyoka mwembamba mwenye pete nyekundu, nyeusi na nyeupe, utadhani shanga. Mimi nimekulia Handeni. Kwetu nyoka hafugwi, hupigwa.

Nyoka huyo asili yake ni Amerika. Huitwa nyoka wa maziwa kwa sababu wakulima wa kule waliamini anaingia zizini kunyonya ng'ombe, kumbe alifuata panya. Hana sumu. Kinga yake ni hizo pete, zinazofanana na za nyoka-marijani, ambaye sumu yake hulegeza misuli hadi mtu ashindwe kupumua. Adui akiona rangi hizo, hupita mbali. Hapa Uingereza unamfuga bila kibali. Wale wa sumu kali wanahitaji leseni ya halmashauri, kwa sheria ya mwaka 1976. Basi nikamruhusu mtoto aende, ila anawe mikono kwa sabuni, maana reptilia hubeba salmonela.

Kilichoninyima usingizi ni Agosti, tunapokwenda Handeni. Mtoto aliyemzoea nyoka mzuri ataona mzuri mwingine kichakani.

Na kwetu pia wapo waigizaji. Yupo nyoka anayekula mayai tu: humeza yai zima, hulipasua kwa mifupa iliyochomoza kooni, kisha hutema ganda. Meno hana ya kutajika. Lakini ukimtisha hujikunja na kusugua magamba, akatoa mlio kama wa kipiri, na mabaka yake ni ya kipiri vilevile. Nani atamtambua jioni, kwenye majani?

“Kwa hiyo nikiona rangi gani ndiyo nikimbie?” mwanangu aliuliza.

“Rangi achana nazo. Rudi nyuma taratibu, uite mtu mzima.”

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka. Wengi huchelewa hospitali. Aliyeumwa avuliwe pete na bangili, alazwe, kiungo kisitikisike, apelekwe upesi. Wembe, kunyonya jeraha, kamba ya kukaza: hapana.

Nikampigia mama.

“Shikamoo mama. Mtoto akiumwa na nyoka mtafanyaje?”

“Marahaba mwanangu. Si jiwe la nyoka lipo kabatini?”

Nikamwomba jiwe libaki humo humo, ila namba ya dereva mwenye gari aibandike ukutani. Juzi kanitumia picha: imebandikwa, kwa maandishi makubwa, pembeni ya kalenda.