Vazi Lenye Siku Yake

Sisi tuliofuata kazi za waume zetu hadi Jiji la Panama tumejifunza kwamba nchi hii inajulikana vema kwa mavazi ya wanawake wake. Vazi kuu ni pollera.

Pollera ya sherehe ni blauzi pana inayoacha mabega wazi, na sketi yenye marinda mengi, iliyotariziwa kwa mkono na kutiwa lesi. Fundi huchukua miezi mingi kuimaliza, na nyingine hupita mwaka. Bei hufika maelfu ya dola, ndiyo maana familia nyingi huazima, hukodi au hurithishana, bibi kwa mjukuu. Kichwani huchomekwa vitana vya dhahabu na mapambo ya shanga, lulu au magamba ya samaki, ambayo hutikisika mama anapopiga hatua.

Kuziona nyingi pamoja, twaenda Las Tablas, kilomita 280 hivi kutoka jijini. Tunaondoka alfajiri, na chakula tumekifunga tangu usiku. Tamasha la pollera huwa Julai, tarehe 22 ikiwa kilele, na mwezi Januari hufanyika gwaride kubwa la pollera. Jirani tu, Guararé, kuna tamasha la muziki na ngoma za asili kila Septemba, lililoanzishwa mwaka 1949.

Lakini safari iliyotugusa zaidi ni ya karibu: Portobelo, pwani ya Karibea, kama saa mbili kwa gari. Hapo wanaishi wazao wa Waafrika walioletwa utumwani. Katika ngoma zao ziitwazo Congo, wanawake huvaa sketi za viraka vya rangi nyingi. UNESCO iliuorodhesha utamaduni huo mwaka 2018. Binti zetu waliuliza kwa nini mtu avae viraka kwa fahari. Tuliwajibu kwamba bibi zao waliachiwa mabaki ya vitambaa, wakayageuza kuwa urembo.

Waguna nao walilipigania vazi lao. Serikali ilipowalazimisha wanawake kuacha blauzi zao za mola na pete za pua, watu wao waliasi mwezi Februari 1925. Leo wanawake hao hutembea jijini na mola zao, na hakuna wa kuwavua.

Ukijaliwa kufika, chukua maji, kofia, na mwavuli ikiwa ni Julai, maana mvua hainyimi. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Ukinunua mola, nunua kwa aliyeishona, ukague nyuma uone mishono ya mkono. Nakala za kiwandani ni rahisi, lakini hazimlishi fundi. Na watoto waende nawe. Waonyeshe mikono iliyoshona kabla ya kuwaonyesha nguo, wajue kwamba vazi la asili hubaki hai pale tu mama anapomfundisha binti kulishona, na jamii inapotenga siku ya kulivaa.