Kituo cha Kifaru

Katika ushairi wetu kituo ni mshororo wa mwisho wa ubeti. Hapo mtunzi hupumua, na aghalabu hurudia aliyokwisha kuyasema. Katika safari kituo ni mahali garimoshi linaposimama. Mimi mfasiri, nizisomaye lugha za watu kwa kujifunza mwenyewe, sijaona katika hizo chache nizijuazo neno moja linalobeba mambo haya mawili pamoja. Nimelichukua kuwa ni wasia wa wahenga: aliyesimama huenda anavuta pumzi tu.

Wasia huo ulinijia nilipokuwa nikifasiri habari za mahandaki mawili ya reli katika mji wa Bath, Uingereza. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1874, ikafungwa mwaka 1966. Handaki kubwa, liitwalo Combe Down, lina urefu wa zaidi ya mita 1,600, na halikuwa na tundu la kutolea moshi katikati. Mwezi wa Novemba 1929, garimoshi la mizigo lilipokuwa likijikongoja humo ndani, moshi ukawazimisha dereva na mchochea makaa. Garimoshi likatoka lenyewe na kuporomoka hadi mjini, wakafa watu watatu. Baada ya reli kufungwa, handaki lilikaa gizani zaidi ya miaka 40. Aprili 2013 likafunguliwa upya kwa waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Likatiwa taa, na katikati ya safari likawekewa sauti za fidla. Palipowaziba watu pumzi, leo watu huenda kupunga hewa.

Upareni hakuna handaki la namna hiyo. Wajerumani walioanza kujenga reli Tanga mwaka 1893 hawakuitoboa milima ya Upare. Waliizunguka miguuni, wakipita tambarare ya Same, Lembeni na Kifaru, hata mwaka 1911 reli ikafika Moshi. Lakini suala la Bath na la Kifaru ni moja: garimoshi likiondoka, njia ni ya nani?

Mwaka 2012 nilishuka Kifaru, nikatembea juu ya reli hiyo kuelekea Kahe. Wakati huo garimoshi halikuwa likipita. Majani yalikuwa yameota baina ya mataruma, nayo mataruma yamepangika kwa masafa sawa mithili ya mizani, hata hatua zangu zikawa zinajihesabu zenyewe. Sikuwa peke yangu. Kinamama walikuwa na mizigo ya kuni kichwani. Watoto wakitoka shule. Kijana akisukuma baiskeli yenye madumu ya maji kwenye kijia kilichochimbika ubavuni mwa tuta. Mzee mmoja alinikataza kusema kuwa reli imekufa. Akanionyesha kile kijia, akaniuliza iwapo maiti hukanyagwa namna ile kila siku. Sikuwa na jibu.

Laiti mtu angenijia jioni ile na karatasi ya kuomba vyuma ving'olewe, tuta lisawazishwe, pawe njia ya waenda kwa miguu na wapanda baiskeli, ningetia saini bila ya kusita. Lakini Julai 2019 garimoshi la mizigo likarudi katika reli hiyo, na Desemba mwaka huo huo likarudi la abiria, kutoka Dar es Salaam hadi Moshi. Lau vyuma vingeng'olewa na ardhi ikagawanywa viwanja, lingerudi kwa njia gani?

Sisi wa visiwani tunalijua jibu. Unguja ilikuwa na reli yake, iliyofunguliwa mwaka 1905 kutoka mjini hadi Bububu, takriban maili saba. Katika miaka ya 1920 magari yakaishinda, vyuma vikang'olewa. Wapo wasemao kuwa jina la Bububu ni mlio wa garimoshi, na wapo wasemao ni mlio wa chemchemi. Ubishi wenyewe ndio takriban urithi wote tuliobaki nao. Waendao kwa miguu upande ule hubanwa na daladala ukingoni mwa barabara.

Njia mbili zilimshinda fisi, lakini binadamu ana akili ya kuzitunza zote mbili. Marekani ilitunga sheria mwaka 1983 inayoruhusu reli iliyoachwa itumike kuwa njia ya miguu, kwa sharti kwamba ukanda wa ardhi usikatwe vipande, ili garimoshi likihitajika tena lipate pa kupita. Na pale ambapo garimoshi limekwisha kurudi, kama Kifaru, mama mwenye kuni asiambiwe tu kwamba ni hatari kutembea relini. Ni kweli ni hatari. Basi na achongewe njia yake kando ya tuta.

Ningeulizwa pa kuanzia, ningetaja reli itokayo Voi, ikapita Taveta, ikakutana na ya Tanga hapo Kahe, mwendo mfupi kutoka Kifaru. Waingereza waliijenga mwaka 1915 na 1916 kwa ajili ya vita, nayo imekaa kimya miaka mingi. Katika vita hivyo wapagazi Waafrika walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, wakiwa wamebeba mizigo mahali reli isipofika. Jina la kikosi chao limebaki kinywani mwetu kila tunapokwenda sokoni Kariakoo, ilhali makaburi yao mengi hayana hata jiwe. Kijia cha miguu kutoka Kahe hadi Taveta, kando ya chuma kilichobaki, chenye kivuli na maji ya kunywa, kingekuwa kumbukumbu iwafaayo watu waliokufa wakitembea.