Mfungo wa Baba Yetu



Watu wengi husema ya kwamba ugonjwa ni jambo la mwili tu. Sisi pia tulifikiri hivyo, hata siku ile ugonjwa wa sukari ulipoingia nyumbani mwetu. Sisi tuandikao haya ni ndugu sita wa nyumba moja, huko Kadutu katika mji wa Bukavu. Baba yetu alikuwa mwalimu wa shule, na siku za Dominika aliwafundisha dini wale waliojitayarisha kupokea Ubatizo. Twaandika kwa ruhusa yake, maana yeye mwenyewe alituambia: “Wanangu, aibu niliyoificha ilinidhuru kuliko ugonjwa. Isemeni, ili mwingine apate kupona.”

Mambo yalianza mwaka 2016. Baba alishikwa na kiu isiyozimika. Usiku alimaliza mtungi wa maji, kisha aliamka mara nne au tano kwenda nje. Nguo zake zikaanza kumpwaya. Majirani wakanong’ona kwamba ametiliwa sumu. Mama ndiye aliyeona sisimizi wakikusanyika nyuma ya nyumba, mahali Baba alipokojoa. Hapo akamwongoza hospitalini bila kungoja neno la mtu. Walipompima damu kabla hajala, walikuta sukari miligramu 312 katika desilita moja, na mtu mzima wa afya hapiti kwa kawaida 110.

Daktari alitueleza kwa maneno mepesi. Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kiitwacho kongosho. Kiungo hicho hutoa insulini, nayo ni kama ufunguo ufunguao milango ya mwili, ili sukari itokayo katika chakula iingie na kutupa nguvu. Ufunguo ukipungua, au mlango ukikataa kufunguka, sukari hubaki katika damu. Mtu hula, na mwili wake unaona njaa. Na sukari hiyo ikikaa miaka mingi, huharibu macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu ya miguu.

Habari ya miguu tulipaswa kuishika vema, wala hatukuishika. Mwaka 2018 kijiwe kiliingia katika kiatu cha Baba alipokuwa akipanda mlima kutoka sokoni. Hakukisikia hata kidogo, kwa sababu unyayo wake ulikuwa umekwisha kufa ganzi. Jioni aliona damu katika soksi. Akafunga kidonda kwa kitambaa, akanyamaza mwezi mzima. Tulipojua, vidole viwili vilikuwa vimeoza, na ilibidi vikatwe.

Basi, kwa nini mtu mwenye elimu aficha kidonda? Ndipo tulipoanza kuona kwamba ugonjwa huu una mlango mwingine, nao ni moyo. Madaktari wameona ya kwamba wagonjwa wa sukari hushikwa na huzuni nzito mara nyingi kuliko watu wengine. Nasi twaweza kushuhudia. Baba alikuwa mtu wa hadithi na kicheko. Sasa alikasirika kwa neno dogo, na kwenye arusi alitoka mapema, asije akaulizwa kwa nini hanywi kasiksi wala hali nyama ya mafuta.

Katika jambo hilo sisi wenyewe tuna kosa, na twaliungama hapa. Tulimpikia Baba chungu chake peke yake: mboga, maharagi, samaki wadogo wa ziwani, na kipande kidogo cha bugali. Kisha sisi tulikaa upande wa pili na sahani zetu zilizojaa, na chupa za maji matamu mezani. Akikasirika, tulisema, “Mzee amekuwa mkali.” Siku moja mjukuu wake wa miaka mitano akauliza mbele yetu sote: “Mbona Babu anakula peke yake kama mtu aliyeadhibiwa?” Hakuna aliyejibu. Mama aliinama, akafuta macho kwa kitenge chake.

Lakini pigo kubwa lilifika rohoni. Jumatano ya Majivu ya mwaka 2019, tarehe 6 Machi, Baba alimeza kidonge chake cha asubuhi kama kawaida, kisha akafunga asile kitu. Alikuwa na miaka 57, akasema sheria ya kufunga yamhusu bado. Katika ibada ya mchana mikono yake ilianza kutetemeka, jasho likamtoka, maneno yakamchanganyika, akaanguka kati ya viti. Wengine walisema, “Mwalimu amelewa.” Kumbe sukari ilikuwa imeshuka mno, kwa sababu kidonge kilifanya kazi yake na chakula hakikuwapo. Sista mmoja muuguzi alitambua mara moja. Kwa kuwa Baba aliweza bado kumeza, akamnywesha maji yenye vijiko vitatu vya sukari, na baada ya robo saa akarudi kuwa mtu. (Wasomaji washike neno hili: mgonjwa asiyeweza kumeza asitiwe kitu kinywani, bali apelekwe hospitalini upesi.)

Tangu siku hiyo Baba alikaa katika kiti cha mwisho kanisani, wala hakuenda tena kupokea Komunyo. Rozari ya jioni aliwaachia wengine kuiongoza. Alisema: “Mungu amekataa hata mfungo wangu.” Na daktari alipomwambia kwamba vidonge havitoshi tena, imempasa kuchoma insulini, alikataa kabisa. Kwake sindano ilikuwa mwisho wa mtu, tena alama ya imani iliyopungua.

Padri akaja nyumbani, akaketi barazani pamoja naye. Alimwambia: “Mwalimu, Kanisa latudai siku mbili za kufunga katika mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na mgonjwa hafungwi na sheria hiyo. Wewe Mungu amekupa mfungo wa siku 365. Unajinyima mbele ya meza zilizojaa, na hakuna akuonaye ila Yeye. Siku ya Majivu kufunga kwako kulikuwa kula kwa saa yake, nawe hukutii.” Kisha akamwomba asome sura ya 38 ya kitabu cha Yoshua bin Sira, inenayo juu ya mganga na dawa.

Sista naye alimpa habari ya insulini. Kabla ya mwaka 1922 mtoto aliyeshikwa na aina kali ya ugonjwa huu alikufa tu, mara nyingi baada ya miezi michache. Mwaka 1921, mjini Toronto katika nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best walianza kuitafuta dawa katika kongosho la mbwa. Mwezi wa Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa sindano ya kwanza. Dawa haikuwa safi, haikumfaa sana. Waliitengeneza upya, na siku 12 baadaye ikamwinua. Aliishi miaka 13 tena.

Baba alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema polepole: “Basi wazazi wangapi waliomba watoto wao wasife! Na Mungu alipowajibu, aliwajibu kwa sindano.” Asubuhi ya pili alienda hospitalini kwa miguu yake.

Leo Baba angali mgonjwa, maana ugonjwa huu haumwachi mtu. Insulini yake yakaa katika chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, na kati yao mchanga wenye maji, kwa kuwa umeme wetu hukatika mara nyingi. Kila jioni mmoja wetu huosha miguu yake na kuitazama kati ya vidole. Zamani alikataa, akiona haya; sasa hutunyoshea miguu mwenyewe, na wakati huo husimulia hadithi zake.

Na chungu nyumbani ni kimoja. Sote twala maharagi yale yale, sombe ile ile, na bugali kwa kiasi, wala hatuoni kwamba tumepungukiwa. Ugonjwa huu waweza kurithiwa katika jamaa, hivyo chakula chake chatufaa na sisi. Baba huketi mahali pake pa zamani, mjukuu wake ubavuni. Yeye ndiye asalishaye kabla ya kula, na jioni rozari imerudi mkononi mwake.