Wakazi wa Ndoo ya Maji

Ndoo ya maji ya Ziwa Mweru, hata iwe angavu kama kioo, imejaa wakazi. Zamani wataalamu waliwatafuta kwa kuwaotesha katika visahani vya maabara, na kwa kuwa vijidudu vingi vya majini hukataa kuota humo, visivyoota vikawa kana kwamba havipo. Njia ya siku hizi haisubiri viote. Maji huchujwa kwa utando wenye vitundu vidogo mno, vijidudu vilivyonaswa hupasuliwa, na vinasaba vyake husomwa kwa mashine, kisha hulinganishwa na vilivyokwisha kujulikana. Kwa namna hiyo maji ya jirani yetu, Ziwa Tanganyika, yaliyotekwa mwaka 2015 upande wa Kigoma na Mahale, yalionyesha kuwa vijidudu vya juu penye hewa na vya vilindini pasipo hewa ni jamii tofauti.

Hayo ni mazuri kuyajua. Lakini mimi, mama wa nyumba hapa Nchelenge, kilichonigusa zaidi ni habari ya kipindupindu. Kikizuka huku, watu huelekeza kidole ng'ambo, Kilwa ya Kongo. Na wale wa ng'ambo, wafanyabiashara wa dagaa wetu wa chisense wananiambia, huelekeza kidole kwetu. Nimesikia matusi ya namna hiyo gatini, tena baina ya watu waliooleana.

Mwaka 2017 François-Xavier Weill na wenzake walitangaza matokeo ya kusoma vinasaba vya vijidudu 1,070 vya ugonjwa huo, vilivyokusanywa katika nchi 45 za Afrika. Waligundua kwamba tangu mwaka 1970 ukoo huo mmoja uliingizwa barani angalau mara 11, na mara 5 za mwisho zote ulitoka Asia. Basi ugonjwa ulikwisha kusafiri mbali sana kabla ya kupanda mtumbwi wowote wa Mweru. Jirani anayeshutumiwa naye aliletewa.

Hata hivyo nina shaka kidogo. Karatasi ya maabara ikisema ugonjwa wa mwaka fulani ulivuka kutoka ufuko fulani, wapo watakaoishika kama fimbo ya kumpigia mwenzao. Heri isomwe na wa pande zote mbili kwa pamoja.

Tena vinasaba vya kijidudu kilichokufa husomeka kama vya kilicho hai, kwa hiyo jina lililoonekana majini halitoshi kusema kama maji hayo yataua mtu. Chungu changu hakiulizi majina. Nayaacha maji yatokote barabara, nayafunika, nayateka kwa kata yenye mpini mrefu ili vidole vya watoto visiyaguse.